Nakala na Asili: Kurudufisha Bunda la Picha kwa Amri za Programu

Utangulizi

Mnamo mwaka 1871, David Livingstone alipokuwa Nyangwe, mji wa biashara uliokuwa kando ya mto Lualaba katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliishiwa na karatasi na wino. Alilazimika kuandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Kiingereza, akiukingamiza mwandiko wake juu ya maandishi yaliyokwisha kupigwa chapa. Wino aliutengeneza kwa mbegu za mmea ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, Waarabu wa huko waliuita kwa jina linalokaribiana mno na neno ambalo msemaji wa Kiswahili analifahamu: zingifuri. Katika kurasa hizo ndimo alimoandika habari za mauaji ya halaiki yaliyotokea katika soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871.

Wino wa mbegu haukudumu. Ulififia hadi chapa ya gazeti ikaumeza mwandiko, na kwa zaidi ya karne moja wasomaji walitegemea nakala: ile ambayo Livingstone mwenyewe aliihamishia katika daftari lake kubwa, na kitabu kilichohaririwa na Horace Waller na kuchapishwa mwaka 1874, baada ya Livingstone kufariki mwaka 1873. Mwaka 2011 kundi la wataalamu lilichapisha picha za shajara ya asili, zilizopigwa kwa mianga mbalimbali, kutoka ule wa urujuanimno hadi ule wa infraredi ambao jicho la mwanadamu halioni. Chini ya baadhi ya mianga hiyo chapa ya gazeti ilififia na mwandiko ukajitokeza. Hapo ndipo ilipobainika wazi kwamba Livingstone, alipokuwa akinakili, alikuwa pia akirekebisha. Nakala haikuwa asili.

Jambo linalohusu makala haya limo katika namna picha hizo zilivyopigwa. Ukurasa mmoja haukuzaa picha moja bali nyingi, zote za ukubwa mmoja, zikilalana sawasawa: nukta iliyo kwenye kona ya picha ya kwanza ndiyo ile ile iliyo kwenye kona ya picha ya mwisho, ila mwanga tu ndio umebadilika. Mkusanyiko wa namna hiyo makala haya yatauita bunda la picha, na kila picha iliyomo yataiita tabaka. Neno bunda limechaguliwa kwa kuwa linabeba wazo la karatasi za kipimo kimoja zilizopangwa kwa utaratibu. Rundo halifai, kwa sababu takataka nazo huweza kuwa rundo.

Bunda la picha katika sayansi

Wanaotumia mabunda ya picha kwa wingi zaidi si wanafasihi bali wanabiolojia na matabibu. Hadubini za kisasa huweza kupiga picha ya chembechembe hai katika vina mbalimbali, tabaka baada ya tabaka, mithili ya mkate uliokatwa vipande bila kutenganishwa. Huweza pia kupiga picha ya kitu kimoja kila baada ya sekunde kadhaa ili kuonyesha mabadiliko yake, au kukipiga kwa rangi tofauti zinazobainisha sehemu zake. Kina, wakati na rangi vinapokutana katika bunda moja, idadi ya matabaka hufikia mamia na hata maelfu.

Miongoni mwa programu zinazotumiwa kuchanganua picha hizo, mashuhuri zaidi ni ImageJ. Ilianza kuandikwa mwaka 1997 na Wayne Rasband, katika taasisi za taifa za afya za Marekani zilizoko Bethesda, Maryland, kama mrithi wa programu yake ya awali iliyokuwa ikifanya kazi katika tarakilishi za Macintosh pekee. ImageJ iliandikwa kwa lugha ya Java, ikatolewa bure kwa umma, na yeyote aliruhusiwa kuisoma na kuiongezea. Kutokana nayo limezuka toleo liitwalo Fiji, ambalo ni ImageJ ile ile iliyofungashiwa zana nyingi za ziada. Huduma hii ya bure si jambo dogo kwa vyuo vyetu, ambavyo aghalabu haviwezi kumudu leseni za programu zinazouzwa.

Mtafiti mwenye bunda moja huweza kufungua menyu, akachagua amri ya kurudufisha, akatia alama ya kuonyesha kwamba anataka bunda zima, akapata nakala. Mwenye mabunda mia tatu hawezi kufanya hivyo kwa mkono bila kuchoka, na mchovu hukosea. Kwa hiyo huandika makro, yaani orodha fupi ya amri ambazo programu itazifuata yenyewe, bunda baada ya bunda. Kuziandika si kugumu kama wengi wanavyodhani, kwani ImageJ ina kinasa kinachoandika amri ya kila hatua ambayo mtumiaji anaipitia kwa mkono. Ugumu uko kwingine. Mtu anaporudufisha kwa mkono, jicho lake huona kilichotokea. Amri ikiachiwa itende peke yake, hakuna aonaye, na kosa la neno moja huweza kurudiwa mara mia tatu bila programu kulalamika.

Jina la pili si kitu cha pili

Neno nakala lina asili ya Kiarabu, na shina lake katika lugha hiyo hubeba pia maana ya kuhamisha. Katika Kiswahili maana ya kuhamisha imefifia, ikabaki ile ya kuzalisha mfano wa kitu. Hata hivyo mazoea yetu ya karatasi yametufanya tuamini jambo ambalo katika tarakilishi si la lazima: kwamba penye asili na nakala pana vitu viwili. Mwalimu aliyewahi kuzungusha mashine ya kurudufishia mitihani anajua kwamba karatasi iliyotoka ni karatasi nyingine. Akiichana, ile ya kwanza haidhuriki.

Chukua sasa mwanafunzi anayeandika amri zake kwa lugha ya Python ndani ya Fiji. Bunda alilofungua amelipa jina la asili. Anataka nakala ya kufanyia majaribio, naye anaandika:

nakala = asili

Programu inakubali. Hakuna onyo wala alama nyekundu. Lakini hakuna pia kilichorudufishwa. Alama ile ya usawa haikuzaa bunda jipya. Imetoa jina la pili kwa bunda lile lile. Mtu mmoja huweza kuitwa Mwalimu shuleni na Baba Juma nyumbani. Mwalimu akinyolewa nywele, Baba Juma hawezi kubaki na zake. Vivyo hivyo mwanafunzi huyu akiamuru nakala itiwe weusi, asili nayo imekwisha kuwa nyeusi, maana yale majina mawili ni anwani mbili za nyumba moja.

Amri iliyompasa ni hii:

nakala = asili.duplicate()

Hapa programu inatenga nafasi mpya katika kumbukumbu, inapita tabaka baada ya tabaka, inasoma thamani ya kila pikseli na kuiandika upya mahali pengine. Sasa pana mabunda mawili. Tofauti ya amri hizi mbili katika maandishi ni neno moja na mabano. Katika kazi, tofauti ni kama ile iliyopo kati ya kumpa mtoto jina la babu yake na kumfufua babu.

Kuna umbo la kosa hili ambalo hufichika zaidi, nalo huwanasa hata waliobobea. Mwandishi wa programu huunda bunda jipya, tupu, kisha hulijaza kwa mzunguko: chukua tabaka la kwanza la bunda la zamani, liongeze katika bunda jipya, chukua la pili, liongeze, hadi mwisho. Bunda jipya lipo kweli, lina jina lake na dirisha lake. Lakini ImageJ inapoombwa itoe tabaka, haitoi tabaka lililorudufishwa. Hutoa kishikio cha safu ile ile ya pikseli iliyomo katika bunda la zamani. Matokeo ni jalada jipya lenye karatasi za zamani. Tiba ni kurudufisha kila tabaka kabla ya kuliongeza. Aidha, mzunguko huo hauna budi kuhamisha lebo za matabaka, kwa kuwa bunda la picha za mianga mbalimbali lililopoteza lebo ni kama tenzi zilizochanganyika beti: kila ubeti ni mzima, lakini hakuna ajuaye ulikuwa wapi. Inafaa pia kukumbuka kwamba matabaka ya ImageJ huhesabiwa kuanzia 1, ilhali vitu vingi katika lugha za programu huhesabiwa kuanzia 0. Anayesahau hilo hulikosa tabaka la mwisho au huliomba tabaka ambalo halipo.

Neno linaloachwa

Wanaotumia lugha ya makro ya ImageJ yenyewe hukutana na mtego mwingine. Amri kamili ya kurudufisha bunda zima huandikwa hivi:

run("Duplicate...", "title=nakala duplicate");

Msomaji ataona kwamba neno la kurudufisha limetajwa mara mbili, na mwenye sikio la lugha atashawishika kuliondoa la pili, akidhani ni uradidi usio na kazi. Uradidi katika Kiswahili hauko bure: polepole si pole, na mtu aliyesema asante kwa maana ya asante sana hakusema asante mara moja tu. Katika amri hii pia, neno la kwanza linataja tendo, na la pili ndilo linalosema kwamba tendo hilo lihusu bunda zima. Likiachwa, programu hurudufisha tabaka moja tu, lile lililokuwa likionekana kwenye dirisha wakati ule. Makro itaendelea kana kwamba kila kitu ki sawa. Mtafiti atapima wastani wa mwangaza, atapata tarakimu, ataijaza kwenye jedwali. Tarakimu itakuwa ya tabaka moja kati ya mia moja, na jedwali halitasema.

Anayetaka sehemu tu ya bunda huongeza mipaka, kwa mfano range=3-12, akapata matabaka kumi kuanzia la tatu hadi la kumi na mbili. Hili ni jambo jepesi. Lisilo jepesi ni eneo teule. Iwapo mtumiaji alikuwa amechora mstatili juu ya picha, hata kama ni saa moja iliyopita na amekwisha kuusahau, amri ya kurudufisha itachukua kilichomo ndani ya mstatili huo pekee. Na kama alichora duara, nakala itakuwa mstatili unaolizunguka duara hilo, kwa kuwa picha haina budi kuwa na pembe nne. Ndiyo maana wengi hutanguliza amri ya kufuta eneo teule kabla ya kurudufisha, vile mwandishi afutavyo ubao kabla ya somo jipya.

Majina ya madirisha nayo hayategemewi. Programu haikatazi picha mbili kuwa na jina moja, na makro inayoita picha kwa jina huweza kushika isiyokusudiwa. Kila picha iliyofunguliwa hupewa namba ya utambulisho, ambayo katika ImageJ ni namba hasi, na hakuna mbili zinazolingana. Kwa kuwa nakala mpya ndiyo inayokuwa picha tendaji mara tu baada ya kurudufishwa, makro iliyoandikwa kwa uangalifu huchukua namba ya asili kabla ya kurudufisha na namba ya nakala baada yake, kisha hutumia namba hizo hadi mwisho.

Gharama ya nakala

Nakala ya kweli hula nafasi. Tuseme ukurasa wa mswada umepigwa picha ya pikseli 5,000 kwa 7,000. Hizo ni pikseli 35,000,000. Ikiwa kila pikseli imehifadhiwa kwa biti 16, yaani baiti 2, tabaka moja lina baiti 70,000,000. Na bunda la matabaka 12 lina baiti 840,000,000. Likirudufishwa mara moja, tarakilishi imebeba baiti 1,680,000,000 kabla kazi yenyewe haijaanza. Makro inayorudufisha ndani ya mzunguko bila kufunga nakala ilizokwisha kuzitumia itaijaza kumbukumbu na kukwama, aghalabu usiku, mtafiti akiwa amelala.

Ili kuepuka mzigo huo, ImageJ huruhusu kile kinachoweza kuitwa bunda pepe. Hapa picha hubaki kwenye diski, na tabaka moja tu husomwa pale linapohitajika. Bunda pepe hufunguka upesi hata likiwa kubwa kupita kumbukumbu yote ya tarakilishi. Lakini lina tabia ya kumshangaza asiyelijua: mtumiaji akibadilisha tabaka la tano, akaenda la sita, kisha akarudi la tano, mabadiliko yake hayapo tena, kwani tabaka limesomwa upya kutoka diski. Akilirudufisha bunda pepe, nakala anayoipata ni bunda la kawaida linalokaa lote katika kumbukumbu. Katika hali hii nakala ina uwezo ambao asili haina: inahifadhi kilichoandikwa juu yake.

Kwa nini asili isiguswe

Huenda msomaji akauliza kwa nini pawe na wasiwasi wote huu, ilhali programu nyingi zina amri ya kutengua kosa. ImageJ inayo, lakini hutengua tendo la mwisho tu, na kwa jumla haitengui tendo lililofanywa juu ya bunda zima. Kichujio kikishapita katika matabaka mia mbili, kimepita. Kinachobaki ni kulifungua upya faili kutoka diski, mradi mtumiaji hakuwa amehifadhi kazi yake juu ya faili lile lile. Kama alihifadhi, thamani zilizopimwa na kamera hazipo tena popote, na kilichobaki ni matokeo yasiyo na ushahidi.

Ushahidi huo hudaiwa. Tangu mwaka 2002 jarida la Marekani liitwalo Journal of Cell Biology lilianza kukagua picha za makala zote lilizokuwa limezikubali, ili kubaini zilizochezewa. Na picha ikitiliwa shaka, mwandishi hutakiwa kuleta asili. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake walichapisha uchunguzi wa makala 20,621 za sayansi ya tiba na biolojia, wakakuta kwamba asilimia 3.8 kati yake zilikuwa na picha zilizorudiwa isivyofaa: picha moja ikiwakilisha majaribio mawili, wakati mwingine ikiwa imegeuzwa au kukatwa. Urudufishaji wa aina hii ni kinyume cha ule unaoelezwa hapa, ingawa Kiswahili huutaja kwa neno lile lile. Mmoja hutoa nakala ili kuilinda asili. Mwingine huificha asili nyuma ya nakala. Baadhi ya makosa hayo ni ya hila, mengine ni ya uzembe, na mzembe asiyetunza bunda lake la kwanza hana namna ya kuthibitisha kwamba hakuwa na hila.

Mwanafasihi anayefanya kazi na miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu anaijua hoja hii kwa njia nyingine. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi, na leo hii mhakiki anayelinganisha nakala mbili hujiuliza kila mara ni lipi la mtunzi na ni lipi la mnakili. Miswada hiyo inapopigwa picha na kuwa mabunda, swali hilo huhamia katika tarakilishi: weusi huu ni wa wino, au ni wa kichujio?

Kuipima nakala

Imebaki namna ya kuhakikisha kwamba kilichopatikana ni nakala kweli. Jaribio linalowajia wengi kwanza ni la kutoa: thamani za nakala zitolewe katika zile za asili, pikseli kwa pikseli, na tofauti ionyeshwe katika dirisha jipya. Ikiwa tofauti ni 0 kila mahali, mabunda yanafanana. Jaribio hili ni jema, na litamfichua aliyerudufisha tabaka moja badala ya bunda, au aliyesahau kufuta eneo teule, kwa kuwa vipimo havitalingana. Hata hivyo haliwezi kumfichua aliyelipa bunda lake jina la pili. Bunda likitolewa katika bunda lile lile, jibu nalo ni 0 kila mahali.

Kwa hiyo huhitajika jaribio la pili, ambalo ni fupi zaidi. Pikseli moja ya nakala, kwa mfano ile ya kona ya juu kushoto katika tabaka la kwanza, husomwa na thamani yake kuandikwa pembeni. Kisha hubadilishwa makusudi. Baada ya hapo huangaliwa pikseli ya mahali hapo hapo katika asili. Ikiwa haikubadilika, ile ya nakala hurejeshewa thamani yake na kazi ikaanza. Ikiwa imebadilika pamoja nayo, basi hapakuwa na nakala, na mtafiti amegundua hilo kwa gharama ya pikseli moja, ambayo thamani yake bado anayo pembeni.